Nilimtibu Baba Mkwe Kama Rejeta

Shangazi wangu mpenzi,

Naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba unijue, maana huwezi kumnyoosha mtu usiyejua amepindia wapi. Mimi ni fundi wa rejeta, na nikisema fundi simaanishi hawa wa kumwagia maji na kupuliza, namaanisha fundi ambaye gari likichemka mtaa wa pili, mimi nikiwa nimekaa hapa nakunywa chai, nakwambia kama ni pampu, ni mkanda wa feni au ni dereva mwenyewe. Shule tuliachana mapema, kwa amani, hakuna anayemdai mwenzake, lakini dunia nimeisoma. Nimefanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo, nimeteremka kwenye bandari ambazo jua linakesha na watu, na lugha naongea sita, ingawa mbili kati ya hizo ni za kuomba radhi tu.

Shida yangu ni baba mkwe.

Baba mkwe ni mshona suti, mjane, na chumba chake cha kushonea kinatazamana na gereji yangu, barabara tu ndiyo inatutenganisha. Ana cherehani mbili, kioo kirefu na tepu ya kupimia ambayo haivui shingoni, nadhani analala nayo. Siku ya posa alinitazama kuanzia viatu mpaka utosini kama mtu aliyeletewa kitambaa chenye madoa, akasema mbele ya wajumbe, "Huyu ana grisi mpaka ndani ya masikio, binti yangu atafua mpaka lini?" Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote, lakini nilicheka kwa meno tu. Tangu siku hiyo, Shangazi, miaka yote hii, mimi mume wa binti yake na baba wa wajukuu zake, ananiita "jirani". Jirani, umeamkaje. Jirani, punguza nyundo nina mteja.

Basi mwaka jana akaanza kuvimba miguu, viatu vikamkataa, akapimwa, ikaonekana figo zimechoka, hazijafa lakini zimechoka. Daktari akampa vidonge, akampangia kliniki ya kila mwezi, akamwambia apunguze chumvi na maji anywe kwa kipimo. Mzee akanyong'onyea. Mtu aliyekuwa akimtania bwana harusi mpaka bwana harusi anasahau anaoa, sasa anashona kimya, mlango kaurudisha nusu.

Na mimi roho yangu ni laini, watu hawajui kwa sababu ya sauti.

Ndipo siku moja nikasikia kwenye redio ya gereji mtaalamu anaeleza kwamba ndani ya mwili wa binadamu kuna sumu zinazotafuna nyama kama kutu inavyotafuna chuma, na figo zikiugua kutu hiyo huzidi, na kwamba vipo vitu vinaitwa antioksidanti, vimo kwenye matunda na mboga, kazi yake ni kuizuia. Akaendelea kusema wanasayansi bado wanachunguza sijui nini na sijui nini, lakini mimi hapo nilikuwa nimeshazima redio, nimeshaelewa. Maana Shangazi, niambie, rejeta ni nini kama si kusafisha joto, na figo ni nini kama si kusafisha damu, na rejeta ikishika kutu tunafanyaje, si tunaipitishia maji mengi mpaka yatoke meupe, halafu tunaweka ile dawa ya kijani ya kuzuia kutu? Nikasema kumbe udaktari ndio huu huu, tofauti ni rangi ya koti.

Nikanunua mashine ya kusagia. Nikachanganya bitiruti, spinachi, machungwa, ndizi mbivu, parachichi, manjano, na juu yake nikaponda vidonge vya vitamini C vya kutosha, kwa sababu mimi nikimtengenezea mtu kitu sibanii. Na maji, Shangazi, maji mengi, ya kusukuma uchafu. Kila asubuhi kabla sijafungua gereji navuka barabara na jagi, nakaa naye mpaka amalize, nampigia hadithi za baharini. Siku ya kwanza akalitazama jagi akasema, "Jirani, hii ni ya kunywa au ni ya kupaka ukutani?" Lakini akanywa. Akanywa kesho yake. Mlango ukaanza kufunguliwa wote. Uso ukarudi, kicheko kikarudi, akawa anawaambia wateja, "Yule pale mwenye ovaroli ndiye daktari wangu." Halafu siku moja anampima mtu mabega, pini ziko mdomoni, akaniita bila hata kugeuka, "Mwanangu, nipe hiyo chaki."

Mwanangu. Nilimpa chaki nikatoka nje nikajifanya natafuta spana barabarani.

Sasa mtu akishapewa neno kama hilo, Shangazi, akili zinapungua. Mzee akaniuliza kati ya vidonge vya hospitali na dawa yangu kipi kina nguvu, nikamjibu, "Baba, rejeta ukishaitia dawa ya kutu huiongezei sabuni." Akaacha vidonge. Siku ya kliniki ikafika, mke wangu akanipa kazi ya kumpeleka, tukaondoka vizuri tumevaa, tukazunguka nyuma ya gereji, tukaingia kwenye gari bovu lililo juu ya matofali, tukakaa humo tunapiga soga mpaka saa ya kurudi. Mke wangu akauliza, "Baba, daktari amesemaje?" Mzee akajibu, "Ameshangaa." Na hakudanganya, daktari lazima alishangaa kutotuona. Mtaani nao wakaanza kuja na vikombe, mwenye mgongo, mwenye presha, wananiita Dakta Rejeta, na mimi sikuwakatalia.

Juzi akaja muuguzi wa kliniki hiyo hiyo, gari lake linachemka. Akaona kiroba cha bitiruti, akauliza ni cha nini, nikamwambia hiyo ni hospitali yangu. Nikamweleza kinagaubaga, mpaka nikamchorea figo kwa chaki juu ya boneti yake. Hakucheka.

"Vidonge anakunywa?"

"Vidonge alishahitimu, sista."

"Na kliniki?"

Nikamwambia kliniki ipo. Sikusema iko nyuma ya gereji.

Akaweka mkoba chini. "Fundi, nisikilize vizuri. Hayo matunda yako yamejaa madini ya potasiamu. Figo nzima huyatoa yakizidi, figo iliyochoka haiwezi. Ni sawa na kuziba bomba la kutolea maji, halafu unaendelea kujaza tangi. Potasiamu ikizidi kwenye damu mara nyingi haiumi, haipigi hodi, inakwenda kwenye moyo inausimamisha. Mpeleke leo."

Nikamwambia sista hebu sogea huku nikuonyeshe pampu yako inavyovuja. Akalipa akaondoka, na mlangoni akarudia, "Leo, fundi."

Leo hiyo ilikuwa juzi. Jana nikapeleka jagi lakini nilikuwa nimelidanganya, juisi kidogo, maji tele, rangi ya bitiruti ya kutoa macho. Mzee akaonja akasema, "Mwanangu, leo umenipunja." Nikasema bitiruti zimeadimika. Leo asubuhi nimemkuta hajashika sindano. Anasema vidole vinamchonyota, miguu imekuwa mizito kama ya kuazima, na moyo unaruka pigo moja, unapotea, halafu unarudi kwa kishindo. Akaniambia, "Hebu niongeze glasi ya pili, dawa yenyewe ndiyo hii."

Nikaliangusha jagi makusudi. Nimefagia vipande vyake na moyo wangu mwenyewe unarukaruka, na sasa nimekaa kwenye ofisi ya gereji nakuandikia.

Nikisema ukweli narudi kuwa jirani, tena jirani mwuaji, na mke wangu atajua habari ya gari la matofali, na mtaa mzima utanicheka mpaka wajukuu wangu wacheke. Nisiposema, muuguzi anasema moyo utasimama. Nimefikiria njia ya kati, nipunguze juisi kidogo kidogo kila siku mpaka ibaki maji matupu, mzee asijue, arudie vidonge taratibu kama mtu aliyekumbuka mwenyewe. Wewe unaonaje?

Jina nifiche, sifa usizifiche.

Ni mimi, Dakta Rejeta.

Namba ya gereji iko hapa chini, si ya kunipigia wewe, ni kwa wasomaji wenye magari yanayochemka.

*

Fundi,

Hiyo namba ya magari yanayochemka niliipiga mimi. Barua yako uliileta kwa mkono, ikanifikia mchana wa siku ile ile, na nilipofika kwenye ule moyo unaopotea pigo nilikuwa nachemka kuliko gari lolote mjini. Ukapokea ukaniuliza gari langu ni la aina gani.

Nikakuambia funga gereji, vuka barabara, mbebe mzee mpaka hospitali sasa hivi, na ukifika pale mbele sema maneno mawili tu, figo na potasiamu, usianze na bandari. Ukaniuliza, "Sasa Shangazi, nimwambie nini?" Nikakujibu mwambie njiani, gari likiwa linakwenda, hataweza kushuka. Nashukuru ulinitii. Nimekugombeza sana tangu siku hiyo na leo naendelea, lakini hilo la kutii nimekuwekea akiba.

Wasomaji wangu, mzee yuko hai, ndiyo maana nathubutu kutania. Walimpima mapigo ya moyo na damu, potasiamu ikakutwa imepanda vibaya, wakamtundikia dawa za kuishusha, akalala wodini, na sasa amerudi kwenye cherehani yake akiwa na vidonge vyake. Daktari alimwambia fundi kwamba wangesubiri hiyo njia yake ya kati, ya kupunguza kidogo kidogo, maziko ndiyo yangetangulia. Barua hii naichapisha kwa ruhusa yao wote wawili.

Sasa njoo hapa nikwambie. Kosa lako si kumpenda mzee, na ukinisikiliza vizuri, kosa lako kubwa si hata juisi. Juisi ulitengeneza kwa ujinga na kwa roho nzuri, na ujinga wenye roho nzuri husamehewa siku ya kwanza. Lakini ulipoambiwa mpeleke leo, ukachukua roho ya mtu ukaipima kwenye mizani na neno "mwanangu", na ukahitaji siku mbili kujua ipi ni nzito. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka miwani inapata ukungu.

Na hiyo redio uliyoizima, ungeiacha imalize. Nilikwenda kwa daktari wa figo nikamwomba anieleze kama anayemweleza mtoto. Akasema kutu hiyo ipo kweli, mtaalamu wako hakudanganya, figo zikiugua kutu huzidi, na kutu ikizidi figo huugua zaidi. Akasema ni kweli wanasayansi wanatafuta dawa za kuizuia, wamejaribu vitamini za aina kwa aina na dawa nyingine za maabara. Zipo zilizopendeza kwa panya, zilipofika kwa watu hazikufanya kitu, zipo zilizoleta madhara, na zipo ambazo bado wanazichunguza. Mpaka leo hakuna hata moja anayoweza kumpa mgonjwa akamwambia acha vidonge vyako. Hiyo vitamini C uliyoponda bila kubania, ikizidi, hugeuka takataka inayoganda humo humo kwenye figo unazozisafisha. Na yale maji mengi ya kusukuma uchafu, kwa mtu ambaye miguu imevimba yalikuwa yanakwenda wapi, fundi? Yalikuwa yanabaki naye.

Chungwa si adui, nisije nikaletewa barua na wauza matunda. Mwenye figo nzima na ale. Mwenye figo zilizochoka aulize kwanza, kwa sababu kipimo cha kila mgonjwa kinatoka kwenye damu yake, hakitoki kwenye jagi la jirani. Wewe rejeta ikikushinda unaifungua, unailaza mezani, unalehemu, mwenye gari anasubiri kwenye benchi. Figo za mtu unazifanyia majaribio yeye akiwa ndani ya gari, na gari liko kwenye mwendo.

Haya, nimemaliza kufoka. Kuna jambo hulijui.

Ulipotoka wodini kwenda kununua maji, simu yako uliiacha kitandani, nami nikapiga kuulizia hali. Akapokea mzee.

"Wewe ndiye Shangazi unayemgombeza mwanangu?"

"Ndiye mimi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mgombeze, lakini bakiza. Nina kazi naye."

Nikamwuliza, mzee, hivi kweli uliiamini ile juisi? Akacheka mpaka akakohoa. "Ile ilikuwa na ladha ya maji ya betri. Nimewashonea madaktari suti maisha yangu yote, najua daktari anavyosimama. Huyu hasimami kidaktari, huyu anasimama kama anayesubiri kulipwa."

"Sasa ulikuwa unainywa ya nini?"

"Tangu niugue, kila anayeingia kwangu ananitazama miguu. Binti yangu mwenyewe anaongea na miguu. Huyu alikuwa akija, anakaa, ananidanganya habari za meli mpaka nacheka. Sasa jagi nikilikataa, kesho atavuka barabara kwa sababu gani?"

"Na vidonge je, mzee?"

"Hapo sina la kusema, mama. Hapo tulikuwa wapumbavu wawili kwenye gari lisilo na magurudumu."

Umesikia? Hilo "mwanangu" halikutoka kwenye bitiruti. Ulikuwa unalinda kwa uongo kitu ambacho hukukipata kwa uongo, na ulikaribia kumwua mwenye nacho. Na wewe mzee, najua unasomewa hapa, usijifiche nyuma ya kioo. Mtu mzima haingizi mwili wake kwenye hatari kwa kuona haya kumwambia mkwe wake, "Njoo ukae." Ni maneno mawili, mepesi kuliko jagi.

Sasa fanya hivi, fundi. Mkeo anajua habari ya hospitali, lakini ile kliniki ya juu ya matofali bado hajaambiwa. Mwambie kabla gazeti hili halijafika mtaani, na akikaa kimya usimchekeshe, mwache akasirike mpaka amalize, amestahili. Kisha nenda kwa kila mtu uliyemjazia kikombe, yule wa presha uanze naye, umwambie arudi kwa daktari wake na amtajie kila kitu alichokunywa. Watakucheka. Wache wacheke, wanacheka kwa kuwa wako hai. Yule muuguzi mtafute umwombe radhi, na lugha za kuombea radhi unazo mbili.

Asubuhi vuka barabara kama kawaida, mikono mitupu. Kaa pale anywe vidonge vyake mbele yako, kwa maji aliyopimiwa. Siku ya kliniki usiishie kwenye maegesho, ingia naye ndani, kaa kwenye benchi, na daktari akiongea msikilize mpaka afunge mdomo.

Halafu siku moja, pini zikiwa mdomoni, atakuuliza ghafla, "Mwanangu, hivi hizi figo zangu zitapona?" Nakujua, ulimi utakuwasha. Utakuwa umeshapata jibu, na mfano wake wa injini, na bandari uliyoiona. Vimeze vyote. Mwambie, "Baba, sijui. Twende tukamwulize anayejua." Neno hilo kinywani mwako ni geni, kwa hiyo anza leo kulizoea: funga mlango wa gereji, simama peke yako, ulitamke kwa sauti uone kama utakufa.

Hutakufa. Na ukilizoea, huenda na mzee akakaa nasi sana.